Mzimu wa Viatu kwa Sauti ya Kaka

Mimi muvi za Kikorea nilizipenda kabla hazijawa za kila mtu. Sijisifu, maana shule yangu iliishia kidato cha nne na Kikorea sijui hata salamu. Lakini kwenye saluni ninayosukia hapa Ilomba, Mbeya, wateja wakianza kubishana muvi ipi inatisha, mwenye saluni husema, "Muulizeni huyu." Basi nami naacha kichwa cha mtu nusu, kitana mkononi, naanza kuhubiri.

Mahubiri yangu siku hizi yamekuwa machungu. Muvi mpya za kutisha zinaniudhi. Mzimu wa Kikorea wa zamani alikuwa na madai. Alikuwa mama aliyesingiziwa, au mtoto aliyesahauliwa kisimani, au kibarua wa kiwandani aliyezikwa bila ndugu zake kuambiwa. Ulikuwa unamwogopa huku unamwonea huruma, na muvi ikiisha unajikuta unalia. Sasa hivi mzimu anaruka tu. Mlango unafunguka, muziki unapiga paa, mzimu huyo karuka. Namuuliza mtu aliyetoka kuiangalia, "Sasa yule alikuwa anataka nini?" Ananitazama kama mwendawazimu ni mimi.

Na hizi katuni mpya za mambo ya Kikorea, ambazo nyingine hata Korea hazijatengenezwa, zina rangi kama duka la vitenge. Mabinti wanaimba, mapepo yanacheza kwa mpangilio kama kwaya. Nazipenda, siwezi kudanganya, nimeshacheza nazo mbele ya kioo cha saluni. Lakini hazinyamazi. Hakuna mahali mtu anakaa tu akatazama mvua.

"Wewe unataka muvi ya watu kukaa kimya?" mteja mmoja aliniuliza, mama anayeuza ndizi. "Si uende ukaangalie ukuta!"

"Ukuta hauna mzimu, mama."

"Wa kwangu unao. Mume wangu anauegemea kila jioni, haongei mpaka chakula kiive."

Tulicheka mpaka rasta zikanitoka mkononi. Sikumwambia kwamba kupenda ukimya nilifundishwa na kaka yangu.

Kaka alikuwa mtafsiri wa muvi. Alikuwa anachukua muvi ya nje, anakaa na maiki yake na kompyuta, anasoma yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, na kuisema yote kwa Kiswahili, mtu mmoja sauti zote: baba, mama, polisi, mbwa. Kisha wenye vibanda wanaichukua kwenye flashi na kuionyesha. Wanaotafsiri ni wengi. Ila wengi wakiona mahali pana kimya wanapajaza. Mtu kwenye muvi analia kaburini, mtafsiri anamsalimia fundi pikipiki wa mtaani kwake. Kaka hakuwa hivyo. Palipo kimya alinyamaza.

"Mtu akilia utatafsiri nini?" alikuwa ananiambia. "Machozi yana Kiswahili chake?"

Alifanyia kazi chumba cha uani, kuta zote amezifunika mablanketi ili sauti isigonge. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita mnaijua. Mama alikuwa anasimama mlangoni amejifunga vitenge viwili, anamuuliza, "Hivi ukuta unasikia baridi kuliko mimi niliyekuzaa?" Kaka anacheka, anamvulia blanketi moja, na siku hiyo muvi inatoka na mwangwi.

Mvua ndiyo ilikuwa adui yake. Bati letu halina dari, na mvua ya huku ikianza imeanza. Akisubiri iishe, mwenye kibanda anapiga simu kuuliza mzigo wake. Basi mara nyingine alirekodi hivyo hivyo. Kuna muvi zake ambazo jangwani kunanyesha.

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa katuni ya mzimu mdogo anayeiba viatu. Korea nao wanavua viatu mlangoni kama sisi. Huyo mzimu anapita usiku wa mwaka mpya, anajaribu viatu vya kila mtu, vikimtosha anaondoka navyo. Kuna bibi muuza supu anayeishi na mjukuu wake, na kila mwaka bibi anaacha mlangoni jozi moja ya viatu vidogo kwa makusudi. Taratibu unakuja kuelewa kwamba vile vilikuwa viatu vya mwanaye aliyekufa akiwa mdogo, na mzimu huyo si mwizi, anatafuta vya kwake. Mnaona? Ana madai. Hiyo ni katuni, ya watoto, na imewashinda hawa warukaji wote.

Yule bibi kaka alimpa sauti ya mama yetu. Si kuigiza kwa dharau, hapana. Alimpa yale maneno yake, ile "mwe!" yake ya Kinyakyusa akishangaa, na ile namna yake ya kukugombeza huku anakupakulia. Mama hana habari na muvi, lakini hiyo tulimpeleka kuiangalia kwa jirani. Alijifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika.

"Mwe! Huyu mtoto ananiuza mjini," alisema. Kisha akaomba irudishwe mwanzo.

Halafu watu wakataka vurugu. Kijana mmoja wa mtaa wa pili, aliyekuwa anakuja kukaa na kaka kujifunza, akafungua kibanda chake cha kuingizia watu muvi kwenye flashi, akaanza na kutafsiri mwenyewe. Anapiga kelele toka mwanzo mpaka mwisho, anamtania mzimu, anamtongozea shujaa. Watu wakampenda. Kaka wakamsema, "Yule anatafsiri kama anasoma tangazo la msiba." Nililisikia hilo kwa masikio yangu, saluni, na nikaendelea kusuka.

Kompyuta ya kaka ilipokufa, hakuwa na namna. Akaenda Makongolosi kuchimba dhahabu, akisema ni mpaka apate kompyuta nyingine tu. Duara, lile shimo alilokuwa anachimba, likaporomoka. Walimtoa yeye, simu yake ilibaki huko huko chini. Sina la kuongeza hapo. Yule kijana alikuja msibani, alibeba viti, sikuwa na kinyongo naye.

Tangu hapo kuna kitu kimoja kwenye muvi za kutisha nakichukia, na nyie mtanisamehe. Wafu wanarudi. Hata mzimu wa hovyo kabisa, asiye na akili, anarudi na kugonga mlango. Sisi viatu vya kaka vilikaa mlangoni msimu mzima wa mvua mpaka vikaota ukungu. Hakuja mtu kuvijaribu.

Siku moja mama alikuwa anachambua maharage uani. Akasema bila kuniangalia, "Sura yake ninayo. Sauti inaniponyoka. Naishika asubuhi, mchana haipo."

Simu ya mama ni ya tochi, haikuwahi kutunza sauti ya mtu. Ya kwangu niliyokuwa natumia kaka akiwa hai ilishaibwa sokoni. Nikamwambia, "Mama, sauti yake ipo. Ipo kwenye muvi. Nitakuletea ile ya viatu."

Nilisema kwa furaha, mimi ndivyo nilivyo, nikiahidi nakuwa nimeshafika. Hata nilikuwa nimeshaota kwamba siku moja nitakwenda Korea, niwatafute waliochora ile katuni, niwaambie bibi yenu aliwahi kuongea kama mama yangu.

Nikaenda kwa yule kijana. Alikuwa anamwingizia mteja muvi, hakuinua kichwa.

"Dada yangu, shikamoo ya leo iko wapi?" akatania, maana tunalingana.

"Nitakupa ukizeeka. Natafuta muvi za kaka. Hasa ile katuni ya viatu."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Ah. Zile nilifuta, dada. Diski ilijaa. Watu walikuwa hawaziulizi."

"Zote?"

"Zote. Kaka alikuwa mwalimu wangu, Mungu anajua. Lakini alitafsiri kizee. Mtu anatoka kazini kachoka, anataka acheke, wewe unamnyamazia?" Kisha, nadhani aliniona uso, akasema taratibu, "Jaribu Iringa. Kuna mzee ana kibanda karibu na soko, alikuwa anachukua sana kwa kaka. Mimi pia nampelekea."

Iringa nilikuwa na safari, binamu yangu alikuwa anapata kipaimara. Baada ya ibada na pilau nikamuaga shangazi, nikashuka kuulizia. Mzee mwenyewe nilimkuta ana kanzu na koti zito juu yake, anapanga mabenchi. Ni mtu ambaye watu wake walitoka pwani zamani, na Kiswahili chake kinatiririka mpaka unaona aibu kufungua mdomo.

"Karibu, binti yangu. Hapa leo ni mpira, muvi ni kesho."

Nikamweleza mimi ni mdogo wa nani. Akaliweka benchi chini.

"Inna lillahi. Yule kijana wa Mbeya amefariki? Na mimi namlaumu moyoni kwamba amenisusa." Akakaa. "Alikuwa na adabu. Watoto hapa walikuwa wakisikia sauti yake wanatulia wenyewe. Huyu wa sasa anawapandisha wazimu, wananivunjia mabenchi."

"Ile ya viatu unayo, baba?"

"Mimi sifuti kitu. Ipo."

Akawasha televisheni, akatafuta, akapata. Picha ile ile, theluji ile ile, mlango wa bibi na viatu vimepangwa. Halafu ikaja sauti: "Oyaaa wana wa Mbeyaaa! Leo kuna mwizi wa raba hapa!"

Alikuwa yule kijana.

Mzee akakunja uso. "Aliniletea nyingine, akasema hii ndiyo nzuri zaidi. Yaelekea iliikalia ya kwanza. Nisamehe, mwanangu, mitambo hii mimi nabonyeza tu."

Nikakaa kwenye benchi nikaiangalia hivyo hivyo, kwa hasira. Bibi anaweka viatu, yeye anamuuliza bei. Na pale ndipo nilipogundua kitu. Chini ya kelele zake kulikuwa na mtu mwingine anaongea. Kijana hakuhangaika na muvi ile halisi. Alichukua muvi ambayo kaka alishaitafsiri, akaongea juu yake. Kaka alikuwa humo, chini, kama mtu anayeongea chumba cha pili.

"Baba, ongeza sauti."

Akaongeza. Kelele zikaongezeka nazo. Nikawa nasubiri yule kijana apumzike ili nimsikie kaka. Na kila alipopumzika, kaka naye alikuwa amenyamaza, kwa sababu hapo ndipo palikuwa mahali pa kunyamaza. Bibi anatazama theluji, kimya. Mtoto anashika kiatu, kimya. Kilichosikika ni bati letu tu. Theluji inaanguka Korea na mvua ya Ilomba inapiga juu yake.

Miaka yote nimemsifia kaka kwa ukimya wake. Pale kwenye benchi nilitamani angekuwa mropokaji kama wenzake. Angemsalimia fundi pikipiki, angemsalimia yeyote, jina lake alitaje, ajisifu hata uongo. Hao wapiga kelele niliowadharau mbele ya wateja, mama zao watawasikia mpaka wachoke.

Mzee alinipa flashi, akanikataza kumshukuru sana. "Mpelekee mama. Hata hicho kidogo ni chake."

Nyumbani niliazima televisheni ya jirani, nikamweka mama karibu kabisa na spika. Nikamweleza kwamba juu kuna mwingine, kaka yuko chini, atege sikio. Akafungua khanga kichwani ili masikio yawe wazi. Yule kijana akaanza, "Oyaaa!" Mama akashtuka. Kisha akaganda, mkono hewani, kama mtu anayesikiliza sufuria inachemka chumba kingine.

Tulifika kwenye theluji. Bibi yuko mlangoni, kimya, bati linapiga.

"Hiyo mvua ni ya kwetu," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nyamaza kwanza."

Nami nikasikia, kitu ambacho Iringa kilinipita. Ndani ya mvua, kwa mbali, mwanamke anaita kwa hasira kwamba nguo zinalowa, nani ataanua? Na karibu, karibu kabisa na maiki, mtu anajibu kwa sauti yake mwenyewe, si ya bibi wala ya mzimu: "Nakuja, ma—"

"Wanangu mwizi huyooo!" kijana akaruka.

Mama hakulia. Akanishika goti. "Rudisha."

Nikarudisha. Nguo zinalowa, nani ataanua? Nakuja, ma—. Wanangu mwizi huyooo!

"Rudisha."

Nikarudisha, na tena, mpaka jirani akaja kuchungulia tunaangalia muvi gani isiyosogea. Kila mara anaitwa, kila mara anaitika, na kila mara kabla hajamaliza neno linakuja lile likelele.

"Huyu mwingine," mama akasema, macho hayatoki kwenye theluji, "mwambie anyamaze kidogo."

"Hawezi kunyamaza, mama. Ndivyo ilivyorekodiwa."

"Wewe mwambie tu," akasema. "Mtoto anajibu."