Posa Iliyosubiri Moyo Utulie

Saleha wa Makorora alipoanza kukonda, wanawake wa mtaani walimwonea wivu. Wenzake walikuwa wanakunywa ndimu na maji moto kila asubuhi, wanakwenda Nguvumali na kurudi kwa miguu wamevaa raba za wajukuu zao, na matumbo yapo palepale. Yeye amekaa zake barazani anashona kofia, anamaliza sahani mbili za wali kwa samaki wa nazi, na nyonga zinapungua! Wakamwuliza siri yake nini. Saleha, ambaye sidhani kama amewahi kukosa jibu tangu azaliwe, akasema siri ni kukosa mume wa kumpikia. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Lakini siri alikuwa nayo kweli, tena ilimkaa kifuani.

Kwanza mjue ni mtu gani. Saleha ni mjane wa makamo, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili na mtu akaitika. Mumewe alifariki zamani, watoto wameshaoa na kuolewa, akabaki na nyumba, mbuzi mmoja mkorofi, na sindano yake. Hiyo sindano ndiyo iliyompa jina. Kofia zake za viua, zile nyeupe zenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi, zimevaliwa na mabwana harusi kutoka Pangani mpaka Moa. Kila Alhamisi alizifunga kwenye kitambaa safi akazipeleka Ngamiani, dukani kwa Nabhan.

Nabhan naye ni mgane, Mwarabu wa hapahapa Tanga. Wazee wake walitoka Omani, lakini yeye Kiswahili chake kimekolea Kidigo kuliko chetu sisi. Mtu mpole, na anaongea taratibu, jamani, taratibu mpaka unatamani umsaidie kumalizia maneno. Saleha akimletea kofia huiinua kwenye mwanga wa mlangoni, akaizungusha kwa vidole viwili, akasema, "Mashallah, Bi Saleha." Basi, hakuna la zaidi.

Ni kwenye mashallah hiyo ndipo visa vilipoanza. Alhamisi moja Saleha amesimama mbele ya kaunta, moyo ukaruka. Ukakimbia, ukasita, ukaruka tena, hauna mpango wala adabu. Jasho likamtiririka mgongoni na ilikuwa kipupwe, watu wamevaa masweta. Vidole vikamcheza. Alifika nyumbani anajisemesha njia nzima, "Ee Mola wangu, na umri huu!"

Akaenda kwa Mwanasiti, somo yake, bibi aliyemfunda alipokuwa mwari na kumpeleka kwa marehemu mumewe. Na kwetu somo hastaafu. Hata mwari akipata wajukuu, somo ni somo.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwari wangu. Mbona macho yamekutoka hivyo? Kaa. Unalala?"

"Silali. Nageuka kitandani kama chapati."

"Unakula?"

"Nakomba sufuria, na nguo zinanivuka."

"Hasira unazo?"

"Jana nimegombana na mbuzi."

"Kashinda nani?"

"Mbuzi."

"Na moyo?"

"Somo, huo moyo ndio ulionileta. Unakimbia, unajikwaa, unainuka, unakimbia tena. Nikiwa kwa Nabhan ndio balaa."

Mwanasiti akaweka kikombe chini. Akamtazama macho, akamtazama mikono inayotetemeka, akapiga kigelegele peke yake mle chumbani. "Mwari wangu," akasema, "hayo ni mahaba, na yamekupata pabaya!"

Msimcheke Mwanasiti. Alama zote alizouliza ndizo alizofundishwa na somo yake mwenyewe, na wasichana wangapi amewatambua kwa alama hizohizo, wakaolewa na wakatulia. Alifurahi kama aliyerudishiwa ujana. Akamwandikia Saleha maji ya asumini na kujifukiza udi, halafu akajifunga buibui akaenda kunong'ona kwa Shariffa, dada yake Nabhan. Shariffa alikuwa amechoka kumtafutia kaka yake mke, na Nabhan, kumbe, alikuwa na lake moyoni siku nyingi ila maneno yalikuwa bado yako njiani. Posa ikaja.

Siku ya posa nyumba ilijaa. Sele, kaka yake Saleha, alikuja kutoka Kigombe na nguru mkubwa begani, maana yeye ndiye walii, msimamizi wa ndoa yake. Wazee wa upande wa Nabhan wakaja na halua na maneno matamu. Mwenyewe Nabhan hakuwepo, ndiyo desturi. Na desturi nyingine ni hii: mwanamwali akiposwa, kimya chake ni jibu tosha, anainamisha kichwa na wakubwa wanaelewa. Mjane hapewi raha hiyo. Mjane lazima atamke kwa kinywa chake, na wazee wamsikie.

"Bi Saleha," mzee mmoja akauliza, "Nabhan anakutaka kwa mke. Unasemaje?"

Saleha alikuwa nyuma ya pazia, Mwanasiti anamfinya kiuno. Akafungua kinywa. Moyo ukaondoka mbio, pumzi ikamkatika, macho yakaona kiza, akashika ukuta. Na hapo hapo likamjia wazo lililomtia baridi: Nabhan mwenyewe hayupo hapa, sasa moyo huu unamkimbilia nani?

"Nipeni muda," akasema. Sele alipaliwa na halua.

Kesho yake alasiri Nabhan akaja mwenyewe, pamoja na Shariffa anayetembea kwa mkongojo. Wakakaa barazani. Mwanasiti alikuwepo, bila shaka, asingekosa hilo hata kwa dawa.

"Bi Saleha," akasema Nabhan, taratibu zake, "kama jibu ni hapana, niambie. Sina ugomvi."

"Nani kasema hapana? Mie moyo wangu ukikuona unakwenda mbio mpaka napotewa na pumzi! Haya, nimesema. Nichekeni."

Hakuna aliyecheka. Nabhan masikio yalimwiva, akarekebisha kofia yake mara mbili, furaha imemjaa usoni. Akamgeukia dada yake ili wafurahi wote. Lakini Shariffa hakuwa anatabasamu, alikuwa anaitazama shingo ya Saleha. Nabhan akafuata macho yale. Furaha ikaanza kumtoka, na kila mtu aliiona ikitoka.

"Na nikiondoka," akauliza, "moyo unatulia?"

"Hautulii."

"Ukilala?"

"Hautulii."

"Ukimfukuza mbuzi?"

"Hapo ndio usiseme kabisa."

Nabhan akatoa kofia mfukoni, akaiweka juu ya goti. "Hii ni ya wiki iliyopita. Viua vimepinda. Miaka yote hii sijaona kiua chako kilichopinda. Nikadhani ulikuwa na haraka."

Shariffa akamshika Saleha mkono. "Mwenzangu, mie nilianza hivihivi. Joto wakati wengine wanajifunika, macho hayo, na shingo hiyo, angalia hapa chini inavyotuna. Tukasema jini. Nikafukizwa ubani mpaka nyumba nzima ikakohoa, na moyo unajikwaa tu. Asubuhi moja nikaamka, upande huu hauinuki. Nenda hospitali, dada yangu. Usingoje."

"Na nikipona?" Saleha akauliza. Alimwuliza Nabhan, si Shariffa. "Nikipona, halafu nikakutazama na moyo uko kimya?"

Nabhan akaichukua ile kofia gotini, akairudisha mfukoni. "Basi utakuwa umepona," akasema. "Mimi nitarudi kuuza kofia. Posa yangu ipo palepale, lakini jibu nataka la moyo uliotulia."

Nawaambia kweli, wanaume wa kusema hivyo si wengi.

Saleha akaenda hospitali na Mwanasiti ubavuni. Daktari Yudith, binti wa Kishambaa mwenye miwani na kicheko cha karibu, akamwuliza anaumwa nini. "Mie naumwa mapenzi," Saleha akasema, "ila kuna watu hawaamini." Daktari akacheka mpaka akavua miwani, halafu akaivaa tena akamshika mkono, na kicheko kikaisha. Akamgusa shingo. Akamlaza, akambandika waya kifuani, mashine ikachora mistari. Wakamtoa na damu.

"Mama, moyo wako unakwenda mbio, tena haufuati mpango," akamwambia majibu yalipotoka. "Na chanzo kiko hapa shingoni. Una rovu, yaani tezi ya shingo imevimba, ingawa bado ni dogo. Hii tezi inatoa homoni kupita kiasi, na hizo homoni ndizo zinazouchapa moyo, zinakukondesha, zinakutia joto na kukukosesha usingizi. Moyo ukipiga ovyo hivi, damu inaweza kuganda ndani yake, donge likaenda kichwani, ukapata kiharusi. Ahsante Mungu umewahi. Nitakupa dawa ya tezi, ya kutuliza moyo, na ya kuzuia damu isigande. Usiziache bila kuniuliza hata ukijiona mzima. Na ukipata homa au koo likikuuma, uje siku hiyohiyo."

Saleha akaanza kulia. Daktari akadhani ni hofu ya ugonjwa. "Kwa hiyo simpendi?" Saleha akasema.

"Mama yangu, mashine hii inapima moyo. Huyo bwana haijui. Meza dawa kwanza."

Basi zikaanza siku za vidonge. Mwanasiti alinuna wiki nzima. "Wari wote niliowafunda," akalalamika, "leo nimeshindwa na tezi!" Lakini kila asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni, vidonge kiganjani na maji kwenye bilauri. "Meza, tujue ukweli." Yeye ndiye aliyepeleka kofia Ngamiani, kwani Saleha alikataa kutia mguu dukani kabla moyo haujatulia. Nabhan hakutuma neno la kumsumbua. Alituma halua tu kila Ijumaa, kipande kidogo, bila salamu.

Dawa ya moyo ilianza kumpa nafuu mapema, ile ya tezi ikaenda mwendo wa Nabhan. Polepole usingizi ukarudi. Joto likapungua. Nyonga zikarudi mahali pake, na wale waliomwonea wivu wakampa pole, wanafiki wakubwa. Sindano ikaanza kumtii, kiua baada ya kiua, duara safi. Na kadiri moyo ulivyotulia ndivyo Saleha alivyoogopa. Kila jioni alijigusa kifuani kumtafuta Nabhan, na kila jioni ukimya ulikuwa umeongezeka. Aliyaombea mapigo yake yatulie, na yakitulia analia. Hata mbuzi alimwonea huruma, akaacha kumpiga pembe.

Siku Daktari Yudith alipombandika waya tena, mistari ilitoka imenyooka kwa mpango, na akamwambia moyo sasa unapiga vizuri, dawa aendelee. Saleha akafunga kofia zake kwenye kitambaa. Ilikuwa Alhamisi. Akaenda mwenyewe.

Nabhan akainuka alipomwona. Akachukua kofia, akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha kwa vidole viwili. "Mashallah, Bi Saleha."

Saleha akangoja. Moyo ukatembea zake kama mtu anayetoka sokoni. Akangoja tena. Kimya. Machozi yakamlenga, akakunja kitambaa chake ili aondoke kabla hayajaanguka.

Kijana mmoja mteja ndiye aliyeharibu mambo, Mungu ambariki. "Sheikh Nabhan," akasema, "muuza kofia mzima, unavaa kofia iliyopinda viua?"

Saleha akainua macho. Ilikuwa ile kofia. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekaa kichwani kwa Nabhan na viua vyake vya ugonjwa vinakwenda upande.

"Hii," Nabhan akasema, "naivaa... kila siku... mpaka aliyeishona... apone. Nimeahidi. Sasa mbuzi wake... kanitumia salamu... anasema yeye pia anataka yake, ila yenye nafasi ya pembe."

Saleha alicheka mpaka akatafuta kigoda. Alikaa. Kumbe huyu mtu ana maneno! Miaka yote hiyo, na zaidi tangu tezi ilipomwasha, alikuwa anamkatiza katikati, anammalizia, anakimbilia mlangoni. Hakuwahi kumsikiliza mpaka mwisho, na kumbe kizuri cha maneno ya Nabhan kiko mwishoni. Alikaa mpaka ikaadhiniwa alasiri, Nabhan anaongea taratibu, wateja wanangoja, na yeye hakumaliza hata sentensi moja kwa niaba yake.

Alirudi Makorora akamkuta somo amesimama njiani, anamngoja.

"Enhe? Moyo uliruka?"

"Haukuruka."

"Pole, mwari wangu."

"Haukuruka, somo, lakini miguu imekataa kuondoka. Nimekaa tangu adhuhuri na bado nilitaka kusikia."

Mwanasiti akamkumbatia palepale barabarani, bodaboda zinapiga honi.

Wazee wakarudi na halua yao. Sele akarudi na nguru mwingine, safari hii akakataa kula chochote mpaka jibu litoke. Yule mzee akauliza kama mwanzo, "Bi Saleha, Nabhan anakutaka kwa mke. Unasemaje?"

Nyuma ya pazia Saleha alijishika kifundo cha mkono kama alivyofundishwa hospitali. Mapigo yakaja moja moja, kila moja mahali pake. Akafungua pazia, jambo ambalo mjane wa Makorora halifanyi, akawatazama wazee usoni.

"Nimekubali," akasema kwa ile sauti ya mtaa wa pili. "Na leo nasema mie mwenyewe, rovu halimo."

Walisikia mpaka wanaopita njia. Vigelegele vya Mwanasiti vilimtisha mbuzi akakata kamba, na Sele akavuta sahani ya halua karibu yake.