Nani Aliahidi Lami?

Siku yangu ya kwanza kazini nilibebeshwa spika ya honi begani, kutoka barabarani hadi uwanja wa soko la Fort Ternan, nikaambiwa nisiitue chini hata shingo ikivunjika. Spika ya honi ni ile yenye mdomo mpana, inayofungwa juu ya gari au juu ya mlingoti. Haina utamu wowote, lakini inasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Mimi nilidhani kazi ya mitambo ya sauti ni kukaa kitako na kubonyeza vitu. Wapi! Kufikia saa sita nilikuwa nimepanda mlingoti, nimechubuka magoti, na maiki yetu ilikuwa bado inapiga mluzi. Maiki hupiga mluzi ikiwekwa mbele ya spika yake yenyewe, kwa sababu inajisikia, inajirudia, mpaka inapiga kelele. Hilo hakuna aliyenieleza. Nililijua baada ya chifu kuziba masikio mbele ya watu wote.

Fundi Mkuu wetu alikuwa mtu mwembamba, mpole wa kuongea. Aliniita nyuma ya gari.

"Kijana, hawa wote wataongea leo," akasema. "Chifu ataongea, pasta ataongea, na hata mlevi akiipata maiki ataongea. Kazi yako ni wasikike. Humkati mtu. Ukimkata mtu, watu watasema wewe ndiye umesema."

Sikuelewa, lakini niliitikia ndiyo, kwa sababu nilitaka kurudi kesho.

Baadaye nilipelekwa chini ya Meneja wa pale Kericho mjini. Huyo hakuwa mpole. Alitutuma Soin, Bomet, Chepseon, popote penye watu na jenereta. Zamani hizo siasa ilikuwa siasa na muziki ulikuwa muziki. Jumamosi unafungia wanasiasa spika, Jumapili mchana unawafungia wanamuziki, na Meneja alikuwa akisema, "Siasa inalipa, muziki unapendwa. Msinichanganyie." Halafu nikaona wanasiasa wanakataa kupanda jukwaani kabla mwimbaji hajawapashia watu joto. Halafu waimbaji wakaanza kugombea viti wenyewe. Mpaka leo nikiulizwa ni wakati gani vitu hivyo viwili vilishikana, nakuna kichwa tu.

Fundi wa sauti anafika mapema kuliko wote, kwa hivyo anasikia maoni ya watu kabla hayajavaa suti. Kulikuwa na mama mmoja wa kuuza viazi hapo Chepseon, tulimwita Mama Viazi, na yeye hakujali. Nikiwa natandaza waya alikuwa akiniambia habari za mbunge wetu, "Huyu Mheshimiwa wenu, choo cha soko tu kimemshinda! Sitampa kura hata akilia." Saa mbili baadaye Mheshimiwa anacheza jukwaani, anatingisha mabega, na Mama Viazi yuko mbele kabisa, leso imefungwa kiunoni. Nikamuuliza, mama, si ulisema? Akanijibu, "Wewe nawe! Kura ni kura, na mabega ni mabega." Nilidhani amenieleza kitu. Alipotoka kupiga kura nikamuuliza tena alimchagua nani. "Si ni huyohuyo wa mabega!" akasema. Sasa, nyinyi vijana mliosoma, nielezeni hapo.

Kampuni ya Meneja ilipofungwa nilinunua mitambo yangu mwenyewe, nikarudi Chepseon ambako baba yangu alinunua shamba. Asili yetu ni Mkoa wa Kati, sisi ni Wakikuyu. Mimi nimezaliwa hapa, nimeoa hapa, Kipsigis, lugha ya wenyeji, naongea mpaka ndotoni, na chai yangu inapelekwa kituo kimoja cha kupimia majani na ya jirani yangu Mzee Koech. Yeye akivuna mahindi nakula, mimi ng'ombe wangu akizaa yeye anakunywa maziwa. Lakini mtu wa kuhamia anajua kwamba wakati wa kura mdomo wake unapimwa. Mke wangu, Mama Kimani, alikuwa na sheria moja nyumbani: maoni ya siasa yaachwe nje ya mlango pamoja na gambuti za matope.

Hiyo sheria tuliishika wote isipokuwa Kimani, mtoto wetu wa kwanza.

Kimani ni mcheshi tangu tumboni. Alipomaliza chuo akakosa kazi, alijifungia mto wa kitandani tumboni, akavaa koti langu la harusi, akaanza kumuigiza Mheshimiwa kwenye video za simu. Alimpata kila kitu: kile kikohozi cha kwanza, yale mabega, ile "watu wangu wa nguvu" anayoivuta kama mtu anayevuta ndama. Aliongea Kipsigis cha Mheshimiwa kuliko Mheshimiwa mwenyewe. Vijana wa Kericho na Bomet yote wakawa wanamtazama. Watu sokoni walinipiga bega, "Baba Kimani, umezaa!" Mimi nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa natetemeka. Nilijua wanaocheka leo ndio wanaoweza kuuliza kesho, huyu mtoto wa wageni anamchekelea nani?

Wakati wa kampeni ukafika, na Mratibu wa Mheshimiwa akaja kwangu. Alikuwa jitu la miraba minne, simu mbili mkononi na kofia ya chama kichwani.

"Mzee, tunataka spika zako Ijumaa," akasema. "Na tunataka kijana. Mheshimiwa ameziona zile video."

Nikamuuliza, amekasirika?

"Amesema anamtaka jukwaani. Mengine sijui."

Mama Kimani alilia. Alisema wanataka kumuaibisha mtoto mbele ya watu, halafu wamfuate njiani. Kimani mwenyewe alikuwa anacheka tu, anatafuta mto mnene zaidi. "Baba, hii ndiyo nafasi yangu," akasema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikamwambia. Akanijibu kwa sauti ya Mheshimiwa, na Mungu anisamehe, nilicheka.

Ijumaa hiyo nilifunga maiki mbili. Ya sponji nyekundu ilikuwa ya Mheshimiwa peke yake, kwa sababu wakubwa hawapendi kutemewa mate na kila mtu. Ya sponji ya buluu ilikuwa ya wengine wote. Mimi nilikaa nyuma ya lori na amplifaya, ndiyo mashine ya kukuza sauti, ambapo jukwaa silioni. Naona tu vifundo viwili vya kuzungusha sauti, kimoja cha nyekundu na kimoja cha buluu, na upande ule namwona Mratibu amesimama.

"Huyo mtoto wako akivuka mpaka nitainua kofia," Mratibu aliniambia. "Unakata buluu."

Nikamwambia mimi sikati watu, ndivyo nilivyofunzwa.

"Basi vijana wangu watamshusha wenyewe," akasema, na akawaonyesha kwa kidole, wamejipanga kando ya jukwaa. Nikaona heri nimkate sauti kuliko wamkate wao.

Kimani akapanda. Nilisikia kikohozi kimoja tu, na uwanja mzima ukalipuka. Akaendelea, watu wakawa wanapiga mbinja, wanaangushana. Mimi sikusikia utamu wowote. Mkono wangu ulikuwa kwenye kifundo cha buluu, nikimwomba Ngai, Mungu wetu, mtoto asiseme kitu cha kijinga. Mara jenereta ikaanza kukohoa. Nikainama kuongeza mafuta, na ni hapo, wakati nimeinama, ambapo, kama nilivyoambiwa baadaye, Mheshimiwa aliinuka kitini, akampokonya Kimani maiki ya buluu, akampa ile nyekundu yake. "Shika yako, Mheshimiwa!" alimwambia. Watu walikufa kwa kicheko. Mimi nilisikia kicheko tu.

Nilipoinuka, sauti ilikuwa inaahidi mambo. Nikamtazama Mratibu. Kofia iko juu! Nikakata buluu.

Sauti haikukoma.

Nilidhani mtambo umeharibika. Nikazungusha kifundo tena, nikagusa waya, wapi, sauti inaendelea kama kawaida. Nikakimbia kando ya lori nichungulie jukwaani. Mheshimiwa ana maiki ya buluu, mdomo unafunguka na kufungika, hakuna kinachotoka. Kimani ana nyekundu, na anaongea. Mratibu amejishika kichwa. Nikasema, leo tumekwisha.

Lakini yule mzee wa siasa ni mjanja. Alipoona maiki imekufa hakukasirika. Alianza kupunga mikono, kunyoosha kidole, kutingisha mabega, akiyafuata maneno ya Kimani. Kimani akamwona, akapandwa na wazimu wa jukwaani.

"Watu wangu wa nguvu!" akanguruma. "Barabara ya kituo cha majani, kutoka hapa sokoni mpaka mtoni! Lami! Kabla ya mvua kubwa, lami!"

Na Mheshimiwa, bila sauti, akapiga kifua chake kwa ngumi. Sijawahi kusikia kelele kama ile, na kelele ndiyo kazi yangu.

Baadaye Mheshimiwa alimkumbatia Kimani shingoni. "Hiyo ndiyo hotuba yangu nzuri kuliko zote," akasema, "na sikutamka neno." Akamwajiri palepale kwa kazi ya ofisini kwake. Tulikuwa tumejiandaa kwa matanga, tukapata kazi ya mjini Kericho. Mama Kimani alilia tena, safari hii kwa furaha, na mimi nikafurahi, halafu nikaogopa, halafu nikakosa kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Wiki hiyohiyo ubishi ulianza sokoni: nani aliahidi lami? Wengine walisema ni Mheshimiwa, kwa sababu kifua kilichopigwa ni chake. Wengine walisema ni Kimani, kwa sababu mdomo ni wake. Wakaniita mimi fundi niamue.

"Sauti ilitoka kwa maiki gani?" Mama Viazi akauliza.

"Nyekundu," nikasema.

"Na nyekundu ni ya nani?"

"Ya Mheshimiwa."

"Basi ni yeye."

"Lakini mama, aliyeishika ni mtoto wangu."

Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye sielewi kazi yangu. Kura zikapigwa, Mheshimiwa akashinda vizuri. Mimi nikawauzia vijana mitambo yangu, nikastaafu.

Mtu akistaafu anatarajiwa aseme amejifunza nini. Nimebeba sauti za watu maisha yangu yote, na nilidhani nikikaa chini zitajipanga zenyewe. Hazijajipanga. Nimesikia watu wakimlaani mtu asubuhi na kumchezea jioni, na hawakuwa wanafiki, nawajua, ni watu wema. Labda kila mmoja alikuwa anamaanisha yote mawili. Labda hata mimi. Vijana wakiniuliza siri ya kazi nawaambia wafunge waya vizuri, maana hilo ndilo nina hakika nalo.

Mvua kubwa ilikuja. Barabara ya kituo ikawa uji. Lori za majani zilizama hapo chini karibu na mto, na majani ya chai yakilala kwenye magunia yanapata moto, yanageuka mekundu, kiwanda kinayakataa. Tulimwaga majani yetu kando ya barabara, mimi na Koech, gunia kwa gunia, jasho letu lote.

Kisha alasiri moja wakaja kwangu. Mzee Koech mbele, Mama Viazi, na majirani wengine, wakajaa sebuleni mpaka mlangoni. Koech huwa haingii kwangu bila kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Siku hiyo alikuja mikono mitupu. Mama Kimani alimimina chai, ikamwagika kwenye sahani.

"Baba Kimani," Koech akasema, "tumekuja kwa ile barabara."

"Mzee wangu," nikamwambia, "ile ilikuwa komedi. Wewe mwenyewe ulicheka, nilikuona."

"Tulicheka, ndiyo," akasema. "Halafu tukapiga kura."

Hakuna aliyeinua sauti. Mama Viazi akaniomba nimpigie Kimani simu, wasikie wenyewe. Nikaipiga, nikaweka sauti ya juu, nikailaza mezani katikati ya vikombe.

"Watu wangu wa nguvuuu!" Kimani akaitikia, na kikohozi chake.

Walicheka. Haki ya Mungu walicheka, hata Koech, mpaka akajifuta macho. Kisha akainama juu ya simu, akasalimia kwa Kipsigis.

"Chamgei, Kimani. Ni Koech wa ng'ambo. Lami inakuja lini?"

Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aende mjini, nyembamba, ya mtoto aliyevunja kitu.

"Baba? Wamekuja wengi?"

Nikawatazama. Koech alikuwa ameshika kikombe changu kile kilichovunjika mkono, ambacho hupenda kukishika. Gambuti zao zilikuwa mlangoni, matope ya barabara moja na zangu.

"Hapana, Kimani," nikasema. "Ni sisi tu."