Ukurasa wa Kapinga

Nakumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, na umenikumbusha wewe mwenyewe asubuhi hii. Umekaa hapo na laptop yako magotini, ukaniambia unataka kuweka mfumo mpya kwenye diski ya nje, ili mashine iwake kutoka huko na vilivyomo ndani visiguswe. Nikakuuliza: una hakika ni diski ipi itakayofutwa? Ukacheka. Najua ulijiuliza mama yako ameyatoa wapi hayo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wa shule moja ya sekondari huku kwetu Shituru, mjini Likasi. Miaka ile ya tisini kila kitu kilikuwa kinaanguka, na mwalimu alifundisha kwa sababu ya mapenzi tu. Mhandisi mmoja aliyerudi kwao Ulaya alituachia kompyuta yake ya kubebea, nzito kama pasi ya mkaa, betri imekufa, inategemea umeme wa ukutani. Nilivyojivuna! Nilichapa ndani yake alama za wanafunzi wote. Kisha madaftari ya zamani nikampelekea Mama Mwange, muuza karanga wa sokoni, afungie karanga zake, maana karatasi ilikuwa imeadimika mji mzima. Akanipa karanga za kukaanga. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao niliula na chumvi.

Baadaye diski ya ndani ikaanza kugoma. Leo inawaka, kesho inakwaruza na kunyamaza. Mhandisi alikuwa ametuachia maelekezo: andaa disketi yenye mfumo, na siku diski ya ndani ikikataa, mashine itawaka kwa disketi hiyo. Disketi iliitwa A, diski ya ndani iliitwa C. Prefe Mukendi, mkuu wetu wa shule, aliniambia mara mbili niifanye kazi hiyo. Mimi nikawa nasema kesho.

Ndipo wenzetu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakaambiwa warudi kwao, hata wale waliozaliwa hapa Likasi na hawakujua kwingine. Walikaa stesheni na magodoro na masufuria yao, wakingoja treni. Prefe mwenyewe alikuwa mmoja wao. Aliniomba kitu kimoja tu: kila mtoto anayeondoka apewe cheti chenye alama zake, asije akarudishwa darasa la kwanza huko aendako. Treni ilitazamiwa baada ya siku tatu.

Asubuhi iliyofuata mashine ikawaka. Taa zilikuwa zinafifia na kurudi, nami nikataka kuimaliza ile disketi kabla umeme haujakatika. Nikaandika amri ya kuandaa disketi, lakini kidole changu, kilichozoea C, kikaandika C. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, kwamba vyote vitafutika. Sikusoma, mwanangu. Nikajibu ndiyo.

Nilipoelewa, alama zote zilikuwa zimekwisha kufutika. Nikafikiria kusema ni umeme. Siku zile kila balaa tuliisukumia Koni na mitambo yake ya umeme, na nani angebisha? Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikaenda kwa Prefe nikamwambia yote, mpaka habari ya karanga.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati. Kisha akasema:

"Mutoto, kulia haiandike kitu. Ile makaye ya zamani ya alama ulimupatia nani? Twende ku soko."

Mtu mzima, mkuu wa shule, ambaye nyumba yake ilikuwa imefungwa kwenye mabunda, alipiga magoti vumbini kando yangu tukapekua kapu la Mama Mwange. Mama yule naye alitoa kila karatasi aliyokuwa nayo, akabaki anauza karanga kwenye majani. Nyingine tulizifuata kwa wateja wake, nyumba kwa nyumba. Tukakaa stesheni tukiandika vyeti kwa mkono, wazazi wakitushikia karatasi zisipeperuke.

Tulipata zote isipokuwa ukurasa mmoja. Ulikuwa wa Kapinga, binti yake Prefe.

Nikamsihi amwandikie, maana alama za mwanawe alizijua kwa kichwa. Akakataa.

"Kama naandika ya mutoto wangu bila karatasi, nani atasadiki ile ya batoto bengine?"

Treni ikaja. Kapinga akapanda mikono mitupu, wa kwanza wa darasa lake. Baba yake akaniwekea mkono kichwani, akasema taratibu: "Kintu kya maana, usikiweke mu mukono moja." Hakuniambia neno jingine la lawama. Ningefurahi angenigombeza.

Wiki mbili baadaye Mama Mwange alikuja shuleni na karatasi iliyolowa mafuta. Ilikuwa imenasa chini ya kapu. Nimeihifadhi ndani ya Biblia mpaka leo, na sijawahi kujua Kapinga yuko wapi nimpelekee.

Basi, mwanangu, kabla hujabonyeza, soma jina la diski, kisha lisome tena. Kilicho cha thamani, kiweke kwanza mahali pengine, na cha zamani usikitupe kwa sababu kipya kinang'aa. Mashine ikikuuliza kama una hakika, ichukulie kama mzee anayekuuliza. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana sisi tuliokoa vyeti vile kwa kuwa tuliwahi sokoni.

Ukimaliza, niletee simu yako. Upige picha ukurasa huu wa Kapinga, uuweke ndani ya mashine na ndani ya diski ya nje pia. Alama zake bado zinasomeka. Mungu akupe macho ya kusoma kabla ya kujibu, na siku utakapoharibu, kwa maana utaharibu, akupe mtu wa kupiga magoti vumbini pamoja nawe.