Ua la Manjano la Simi-Simi

Sisi tuliokulia Kisangani miaka ile ya kutembea peku, tulilelewa na changarawe za Simi-Simi. Kando ya uwanja wa zamani wa ndege, penye ardhi kavu ambapo hata mihogo ilikataa kuota, maua madogo ya manjano yalistawi bila kumwomba mtu maji. Tulikwenda kuchezea huko, jua linachoma nyayo, mkononi kipande cha chikwangue, mkate wetu wa muhogo.

Nilikuwa darasa la tano mwalimu wetu alipotupa kazi: kila mmoja alete ua lile la porini, si lile refu linalopandwa majumbani, ambalo limetoka ugenini. Watatu wa kwanza kulitambua wangepanda naye gari kwenda msitu wa Masako. Jamani, nilikuwa sijawahi kupanda gari! Niliitaka safari ile kuliko nguo mpya.

Nililipata bila taabu. Lakini kila Jumamosi mama alinituma kupamba altare kwa maua hayo hayo ya porini, na maua ya altare hunyonyolewa majani yote kwanza. Mikono ikafanya ilichozoea. Jumatatu nikafika na ua langu linang'aa, uchi kama kuku wa Noeli.

Mwalimu akaligeuzageuza. "Majani iko wapi? Unaniletea maua ya misa? Bila majani nitajua aje kama iko yenyewe?"

Darasa likaangua kicheko. Machozi yakanilengalenga, Masako naiona inakwenda.

"Maître, unifunge macho," nikasema. "Nitaijua."

Akanifunga kitambaa, akanishikisha majani ya maua ya wenzangu, moja moja. La kwanza laini: hapana. La pili hapana. La tatu likanikwaruza kama ulimi wa paka. "Njo hii!" nikapiga kelele. Nilikuwa nimenyonyoa mengi mno kuyasahau.

Nilikwenda Masako nimebanwa nyuma ya pikapu, naimba mpaka sauti ikakauka.

Juzi binti yangu aliliona ua hilo kando ya njia, akalielekezea simu. Simu ikampa jina. Akasogea hatua moja, ikampa jingine.

"Shika jani," nikamwambia.

"Mama, iko na vumbi!"

Nilicheka sana. Watoto wa siku hizi wanaogopa vumbi kuliko nyoka. Kisha nikamwonea huruma, maana utoto wake wote uko nyuma ya kioo. Nikaushika mkono wake, nikaupeleka kwenye jani. Akaruka, akacheka, akaligusa tena. Simu ilimponyoka ikaanguka, naye hata hakugeuka kuitazama.