Zamu ya Maji ya Mzee Elinazi

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu. Nilikuwa binti mgeni kazini, afisa ustawi wa jamii katika kijiji cha milimani huku Same. Nilitoka Kihurio, tambarare, na pale sikuwa na ndugu. Jumapili baada ya ibada kila mtu alishika njia ya kwake, nami nikarudi chumbani kula peke yangu.

Mwaka ule mvua ilikuwa haba. Wanakijiji wakaitana msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wazoe tope katika ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Mzee mmoja mkulima, Elinazi, hakutokea mara ya kwanza, wala ya pili. Kikao kikaamua anyimwe zamu yake ya maji.

"Asiyefanya kazi na asile," mwenyekiti akasema.

"Kuna aliyekwenda kumwona?" nikauliza.

Hakuna aliyekuwa amekwenda. Kitanda usichokilalia, mwanangu, hujui kunguni wake. Nikapanda mwenyewe hadi kwake. Mahindi yake yalikuwa yamejikunja kwa kiu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea njia, binti?"

Ndani alilala mkewe, amepooza upande mmoja. Mzee ndiye aliyemlisha na kumwogesha.

"Nikienda ndivani, nani atamgeuza?"

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Tangu augue, wewe ndiye wa kwanza kuja."

Nikakaa, tukamenya ndizi pamoja mpaka jua likazama. Sikuwa na haraka ya kurudi kwangu.

Nilipoeleza kikaoni, walimrudishia maji siku ileile, na kina mama wakaahidi kupokezana kumuuguza mgonjwa. Walikwenda wawili watatu, kisha palizi ikawashika. Mahindi yakabeba vizuri, lakini mama yule alifariki kabla hayajakomaa.

Msibani, kijiji kizima kilijaa uani. Mzee aliwatazama, kisha akaninong'oneza: "Watu wote hawa, binti yangu! Laiti wangekuja mmoja mmoja."

Leo nimestaafu, watoto wangu wanaishi mbali, na jioni nyumba ikinyamaza namwelewa zaidi. Basi, mwanangu unayetumwa vijijini kuhimiza watu watunze vyanzo vya maji na misitu, anza na watu wenyewe. Asiyeonekana kazini, mfuate kwake kabla hujamhukumu; huenda amezidiwa na mzigo usiouona. Tena ukishamfuata, rudi. Kwenda mara moja ni salamu tu.

Mungu akupe miguu isiyochoshwa na vilima, na uzee wako usiwe wa upweke.