Neno la Kirusi Uani Bertrams

Juzi nilipeleka mapazia ya mteja mtaa wa Bertrams, Johannesburg, nikajikuta nimesimama mbele ya nyumba tulimopanga chumba baada ya mama kufariki. Ukuta umepakwa rangi ya kijivu, geti jipya linafunguka lenyewe. Bomba la uani, ambapo kila asubuhi ndoo zetu zilikaa foleni na watu wakasemeshana kwa lugha nne, limeng'olewa. Nikabaki pale kama mtu aliyekuja kuulizia ndugu na kukuta hakuna wa kumuuliza.

Ulikuwa mwaka 2017. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na shule nilikuwa nimeshaiacha ili nishone kwenye duka la Mtanzania mmoja kule Malvern. Wadogo zangu walikuwa wawili, wa kiume miaka tisa, wa kike mitatu. Waliniita yaya, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu Kongo. Asubuhi niliwapikia uji, jioni maharagwe au sombe, yaani kisamvu, na Jumamosi nilifua mpaka vidole vikajikunja.

Chumba cha pili alikaa jirani, Mkongo mwenzetu, tuliyemwita papa, yaani baba. Ujanani alisomea madini Urusi miaka sita. Johannesburg alikuwa analinda magari karibu na uwanja wa mpira. Chai aliinywa kwenye glasi, akilamba jemu ya kijiko kati ya funda na funda, na wadogo zangu walimkodolea macho mpaka jemu iwafikie. Ndiye aliyetufundisha lile neno la Kirusi.

"Mtu akienda kwenye mtihani, Warusi hawamwambii Mungu akusaidie," alituambia. "Wanamwambia, ni puha ni pera."

Maana yake, usipate hata unyoya mmoja. Lilikuwa neno la wawindaji: walimtakia mwenzao akose, ili mashetani wanaosikiliza porini wamwone hana bahati, wamwache apite. Na anayeambiwa lazima ajibu, k chortu, yaani nenda kwa shetani. Asante ni mwiko.

Mdogo wangu wa kiume alilipenda kupita kiasi. Nikitoka tu kwenda spaza, kiduka cha pembeni, ananifuata mlangoni, "Ni puha ni pera, yaya." Papa akamkataza.

"Anaenda kununua mkate. Mkate haukatai mtu. Neno hili ni la kitu kinachoweza kukukataa."

"Jana mkate uliisha, papa."

Papa akakuna kichwa. "Eish. Basi mwambie."

Mimi sikuwahi kujibu inavyotakiwa. Mama alituachia usia kwamba shetani hatajwi nyumbani hata kwa mzaha. Nilikuwa najibu Amina, nao wote wawili wananizomea kwamba nimeharibu.

Kisha akaja afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mpole mwenye faili. Alitazama sufuria zetu, madaftari ya mdogo wangu, kitanda chetu kimoja. Akasema tunaweza kuachwa pamoja chini yangu, mradi mtu mzima mwenye karatasi halali asaini kwamba anatusimamia. Asipopatikana, hakimu atawapeleka wadogo kwenye makao ya watoto. Tulipewa wiki tatu. Mchungaji alisema ataliweka katika maombi. Tajiri wangu alisema mambo ya mahakama hayawezi. Papa alisema, "Mimi nitasaini," lakini karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imeisha muda, na mara mbili walikuwa wamemzungusha ofisi ya uhamiaji alipokwenda kuihuisha.

Alikwenda tena siku tatu kabla ya mahakama. Alivaa koti la suti lililombana mabega, akanyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo. Pale getini niliona kwamba kama neno lile lina siku yake, ni hii. Nikasema kwa mara ya kwanza, "Ni puha ni pera, papa." Akajibu kwa sauti ya askari, "K chortu." Wadogo zangu wakapiga makofi.

Alipofika kwenye roboti, taa za njia panda, moyo ulinishinda. Ningemwachaje mtu aende na shetani peke yake? Nikamkimbilia miguu mitupu, nikamshika mkono. "Mungu akutangulie, papa. Aksanti kwa yote."

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Mama, hiyo aksanti ndiyo haifai kabisa," akasema. "Lakini nitabeba yote mawili." Taa zikabadilika, akavuka.

Hakurudi. Kesho yake mlinzi mwenzake alitueleza kwamba papa alikamatwa akiwa foleni, karatasi ya zamani mkononi. Baadaye tukasikia amerudishwa Kongo. Mahakamani nilisimama peke yangu. Hakimu aliniuliza kwa upole kama nina mtu, nikasema ninaye. Akauliza yuko wapi. Wadogo waliondoka mchana uleule kwa gari jeupe. Wa kiume hakulia, aliniuliza tu yale maharagwe niliyoloweka nitayala na nani.

Kwa muda mrefu niliamini ni mimi niliyeharibu, kwa aksanti yangu. Sasa najua waliomkamata hawakusikia neno letu lolote, lile wala hili. Kujua huko hakujanipunguzia kitu.

Kila Jumapili walipoturuhusu nilikwenda makaoni kuwaona, na mara nyingi hawakuturuhusu. Nilipotimiza miaka kumi na minane nilipeleka karatasi ya pango na barua ya tajiri, nikarudi tena na tena mpaka wakachoka na mimi. Siku ya kuwachukua, wa kiume alikuwa amenipita kimo. Wa kike alinipa mkono kwa adabu, akanisalimu kwa Kizulu, kama asalimiwavyo mgeni. Nikamwambia twende nyumbani. Akamgeukia kaka yake, amweleze nimesema nini.