Risasi Iliyokwenda Kushoto

Risasi ilipiga mchanga, mkono mzima kushoto kwa kichwa cha mamba. Silvana aliona mchanga ukiruka, akaona mkia ukipinda, kisha maji yakajifunga kana kwamba hapakuwa na kitu. Alibaki amelala kifudifudi kwenye majani ya ukingo wa mto, shavu bado liko kwenye kitako cha bunduki. Nyuma yake watu wa kijiji cha Kaoze walinyamaza.

Walimfahamu, ndiyo maana walinyamaza. Silvana alikuwa askari wa wanyamapori, binti wa fundi baiskeli wa Mazwi mjini Sumbawanga, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeshuka bondeni kila kiboko alipovamia mpunga au mamba alipoanza kuzoea watu. Mamba hapigwi ovyo. Ukimjeruhi anazama, na akipona anarudi. Mahali pa kumwua papo hapo ni padogo kama limao, nyuma tu ya jicho. Kwa umbali wa mita mia mbili, ng'ambo ya mto, huwezi kulipata limao hilo kwa bunduki ambayo darubini yake inacheza.

Na ilikuwa inacheza. Aliketi, akaishika darubini kwa vidole viwili, akaisukuma, ikasogea. Akainama kuangalia vishikizo, yaani zile pete mbili zinazoibana darubini juu ya bunduki. Havikuwa vyake. Vyake vilikuwa vya chuma kizito, rangi imechubuka kwa matumizi. Hivi vilikuwa vyeusi, vinang'aa, vyepesi kama kifuniko cha soda, na skrubu ya mbele ilikuwa imeshalegea kwa mtikisiko wa gari peke yake. Wiki iliyopita alikuwa ameipima shabaha bunduki hii kwa mkono wake. Asubuhi ya safari gari lilikuwa linamsubiri, akaipokea ndani ya mfuko wake kutoka stoo, akahesabu risasi, wakaondoka.

"Umejitahidi, mwanangu," alisema Luciana, mkulima wa mpunga, mama wa makamo ambaye tangu walipofika alikuwa akiwapikia uji. "Atatoka tena. Wewe kunywa uji."

Silvana alishindwa kuunywa. "Mama, huyu sasa ameshtuka, na ana njaa. Tafadhali msisogee majini mpaka nirudi."

"Tutajaribu," alisema Luciana.

Njia nzima ya kupanda Lyamba, ule ukuta wa milima unaotenganisha bonde na nyanda za juu, Silvana alikuwa akiisukuma ile darubini kwa kidole, nayo ikisogea. Huku juu upepo wa baridi ulikuwa ukilaza ulezi mashambani. Walipofika Sumbawanga alishuka kabla gari halijasimama sawasawa, akaenda moja kwa moja stoo ya silaha. Mtunza stoo alikuwa Calvin, kijana mcheshi, mwenye marafiki kila kona ya mji.

"Calvin, vishikizo vyangu viko wapi?"

"Dada Silvana, karibu! Vipi, mmempata?"

"Vishikizo."

Calvin alikuna shingo. "Kuna mshikaji wangu, ana kibali chake cha kuwinda, bunduki yake halali kabisa. Alikuwa na safari, vishikizo vyake vikamgomea. Nikamwazima vyetu, nikafunga vya kwake. Vishikizo ni vishikizo, dada. Atarudisha."

"Uliipima shabaha baada ya kufunga?"

"Nilivikaza vizuri tu."

Silvana aliiweka bunduki juu ya meza taratibu, kwa sababu alihisi akiendelea kuishika atampiga nayo. Akaingia kwa mkuu wao, Bwana Zenon, akamweleza yote. Zenon alikuwa mtu wa amani; jambo lolote likimfikia mezani alitafuta namna ya kulilaza.

"Amekosea," alisema. "Nimesikia. Kesho nendeni Mbeya wote wawili mkachague darubini mpya na vishikizo vyake, vitu vya kuaminika. Calvin lazima awepo, yeye ndiye anayepokea vifaa. Na haya mambo, Silvana, yaishie humu ndani."

Duka la silaha la Mbeya lilikuwa la mzee mmoja mtaratibu, mwenye kofia ya kufuma. Aliwatandikia darubini juu ya kitambaa. Calvin alikwisha kusahau ugomvi, au alijifanya. Akaokota iliyo ndefu kuliko zote, yenye kitaa chekundu ndani.

"Hii ndiyo yenyewe. Inavuta mara ishirini na tano. Mamba utamhesabu meno!"

"Umewahi kulala kwenye tope ukavuta kitu namna hiyo?" Silvana alimuuliza. "Pumzi yako tu inamtoa mamba kwenye kioo, na ukimpoteza humwoni tena, maana unaona kipande cha mchanga tu. Halafu uzito wote huu utashikwa na nini? Na vile vibati vyako?"

Alichukua nyingine, fupi kiasi, yenye kioo kipana. Akatoka nayo mpaka mlangoni, akailenga kwenye kivuli cha kibaraza ng'ambo ya barabara, mahali ambapo macho matupu yaliona giza tu. Mamba hujianika asubuhi mapema, mwanga ukiwa bado hafifu. Darubini isiyoona kivulini haikuwa na kazi kwake. Alikuwa akisoma maandishi ya gunia la mchele kule kibarazani simu ilipolia.

Alikuwa Wilibrodi, mwenyekiti wa kijiji cha Kaoze.

"Silvana, yule mamba amemkamata Mama Luciana. Tumemnyang'anya kwa mapanga na makasia. Yuko hai. Gari la wagonjwa linampandisha mjini sasa hivi." Akakohoa. "Mguu hautafaa."

Silvana alirudisha simu mfukoni. Alirudi ndani, akaiweka darubini juu ya kitambaa bila kuigonga. Calvin alikuwa amesikia. Sauti ya Wilibrodi ilikuwa kubwa.

"Pole, dada, kwa kweli..."

"Usiniite dada."

Mzee wa duka aliinua macho, akayashusha. Silvana alimwomba vishikizo vya chuma, siyo vya bati, na kikalio kimoja kirefu cha kuvibeba badala ya vipande viwili. Mzee akaleta jozi kadhaa. Akazikagua moja moja huku machozi yakimtoka, asiyafute. Alipitisha fimbo nyoofu ya chuma katikati ya pete mbili kuona kama zimekaa mstari mmoja. Jozi ya kwanza ilimkataa. Ya pili ilikaa sawa, lakini ilinyanyua darubini juu mno, shavu lingeachana na kitako. Ya tatu ikakubali.

"Hii," alimwambia mzee. "Na ile darubini ya kioo kipana. Hatutaki taa."

Kisha akamgeukia Calvin. "Tukifika Sumbawanga hushuki nyumbani. Tunakwenda hospitali, mimi na wewe."

"Mimi nikafanye nini kule?"

"Ukamwone."

Usiku ule wodini Calvin aliingia na mkate na soda, akasimama miguuni pa kitanda kama mtu aliyekosea mlango. Luciana alikuwa amelazwa chali, uso umekuwa wa majivu. Chini ya goti la kulia shuka lilikuwa limelala tambarare.

"Shikamoo, mama," alisema Silvana.

"Marahaba." Luciana hakumtazama. "Ulisema tusisogee majini. Tutakunywa nini, Silvana? Tulikungoja, ukachelewa. Na kwanza ungempiga siku ile."

"Ni kweli, mama. Bunduki ilikuwa imebadilishwa vishikizo. Chuma changu kilipewa mtu akawindie, mimi nikafungiwa takataka bila kuambiwa. Aliyefanya hivyo ni huyu."

Calvin alitazama sakafu. "Mama, ilikuwa bahati mbaya. Nimekuletea..."

"Soda zako peleka kwenu," alisema Luciana. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mgonjwa wodini aliisikia. "Njoo huku karibu. Funua shuka. Nimesema funua. Umeona? Sasa nenda kamwambie huyo rafiki yako."

Calvin alifunua, akaona, akatoka nje akiacha mkate juu ya kitanda cha mtu mwingine.

Kesho yake Silvana alifunga darubini mwenyewe. Alifuta mafuta kwenye matundu ya skrubu, akakaza kidogo kushoto, kidogo kulia, akarudia, mpaka bisibisi ikagoma. Kwenye machimbo ya mawe nje ya mji akapiga karatasi mpaka matundu yakagusana. Kisha akaamuru dereva azunguke na bunduki kwenye barabara mbovu kuliko zote, akapiga tena. Matundu hayakuhama. Ndipo akashuka Kaoze.

Mamba alitoka kujianika asubuhi ya pili. Silvana alimwona hata magamba ya kope. Alivuta pumzi, akaitoa nusu, akafyatua. Mnyama hakutikisa hata mkia. Watu walipiga vigelegele, wakamvuta kwa kamba, wakaja kumshika mkono Silvana. Yeye alitarajia hasira itatoka na ile risasi. Haikutoka.

Wilibrodi aliitisha mkutano wa kijiji kushukuru. Zenon naye alikuwepo, amevaa sare mpya, akazungumza vizuri kuhusu ushirikiano. Alipomkaribisha Silvana asalimie wananchi, alimkata jicho.

Silvana alisimama. "Mnanishukuru kwa mamba aliyekufa," alisema. "Mngepaswa kuniuliza kwa nini alikuwa hai." Akawaeleza yote: stoo, rafiki, safari ya kuwinda, vibati. Akamtaja Calvin. Akaeleza pia kwamba mkuu wake alimwagiza anyamaze. Makelele yalipoanza, mtoto wa kwanza wa Luciana, mwanamke aitwaye Gaudiosa, alisimama mbele ya Zenon akamuuliza mama yake atalima na nini. Zenon akainuka kuelekea garini. Waliondoka chini ya matusi.

"Umenivua nguo mbele ya watu," Zenon alimwambia garini.

"Wewe una nguo nyingine, mkuu."

Luciana alirudi Kaoze na magongo, na shamba lake sasa linalimwa na Gaudiosa. Calvin alitolewa stoo, akahamishiwa kituo kingine. Hakuna adhabu nyingine iliyosikika. Rafiki yake hakurudisha vile vishikizo, na hakuna aliyekwenda kumdai. Silvana alipewa onyo kwa kusema mambo ya kazi hadharani. Alilisikiliza amesimama, akasaini, akatoka.

Siku hizi askari wapya wakiletwa kituoni, yeye ndiye anayewafundisha kufunga darubini. Anawawekea mezani pete za chuma na zile za bati, anawaambia wazipime mikononi, kisha anawasimulia habari za Luciana mwanzo mpaka mwisho. Calvin anamtaja kwa jina. Mwaka jana Zenon alipita mlangoni akamsikia, akamwomba aache, yamepita hayo.

"Yamepita kwa nani?" Silvana alimuuliza, akaendelea kufundisha.